Kuku Asiyeliwa

Mara ya kwanza nilimcheka, sifichi. Kijana huyo alikuja sokoni kwenye meza ya samaki ya Mama, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inasimama, akachagua samaki, mkebuka aliyelala tangu juzi kwa sababu tu alikuwa mkubwa kuliko wote. Nikamwambia, kama tulivyowaita watoto wa maofisini, "We mutoto ya biro, fungua shavu la samaki uone kama bado ni jekundu! Kwenu munakula kwa macho?" Hakukasirika. Akafungua shavu kwa vidole viwili, akaona weusi mtupu, akacheka na yeye. Kesho yake alirudi tena, wakati kwao samaki wa jana hata hawajammaliza.

Baba yake alikuwa karani wa reli. Walikaa kilimani, nyumba ya matofali yenye umeme. Papa, baba yangu, alibeba mizigo bandarini, na sisi tulikaa chini, karibu na ziwa, ambako Mama na mimi tulianika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani. Harufu ya ndagala haitoki mwilini, hata ujisugue na ndimu mpaka ngozi iwashe. Siku moja mama yake alinipita barabarani, akaitikia salamu yangu huku ameziba pua kwa leso. Nilimchukia palepale.

Mtoto wake alikuja hata hivyo. Alitoka shule ya mapadri, akavua viatu, akanisaidia kugeuza ndagala na kufukuza kunguru. Kazi yenyewe hakuiweza kabisa. Alizirundika, zikaoza katikati, nikamtukana, naye akainama akazitandaza upya. Miaka yetu ilikuwa kumi na sita. Nilimpenda, jamani, sijui niseme vipi tena.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya uhuru, wakati mji bado tuliuita Albertville. Askari walijaa barabarani, leo hawa, kesho wengine. Wavuvi waliogopa kutoka, meli zikapungua bandarini, na Papa akaanza kurudi mchana mikono mitupu, anakaa nje ya nyumba hasemi na mtu. Tulikula mara moja kwa siku, na siku nyingine tulichokula hatukukiita chakula. Ndipo baba yake yule kijana akahamishiwa Kamina, mbali na ziwa.

"Tunapanda treni Jumamosi," aliniambia. "Kabla ya kwenda nitakuja kumwona Papa yako. Nataka ajue kwamba nikirudi, narudi juu yako, nikuoe."

Kwetu, kijana anayekuja kwa nia hiyo haulizwi maneno mengi. Anapikiwa. Akila, wazazi wamempokea, na hata akikaa mbali mwaka mzima binti atamngoja kwa heshima. Akinawa mikono asile, amemkataa binti mbele ya watu, na chakula kile hakiliwi tena na mtu yeyote wa nyumba ile. Kinamwagwa ziwani. Kila mtoto wa ufukoni anajua hivyo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake. Haikunipitia hata akilini kwamba kuna mahali, mwendo mfupi tu juu ya kilima, ambako watoto hawaambiwi.

Mama alichinja kuku wake wa mwisho, yule wa mayai. Unga wa bukari, ugali wetu, aliazima kwa jirani. Wadogo zangu watatu wakasimama mlangoni, hawaingii, hawatoki, nyumba nzima inanukia mchuzi. Mgeni alikuja amevaa soksi nyeupe. Akakaa kwenye mkeka, akanawa, akatazama sahani, akatazama mlangoni. Kisha akasema, kwa adabu yake yote ya kilimani:

"Asante sana, Mama. Nimeshiba. Nimetoka kula nyumbani."

Mama alishika mdomo. Papa akainuka polepole. "Vizuri," akasema. "Utusalimie wazazi wako." Akatoka nje.

Na yule mwendawazimu akaaga akitabasamu! Alinipungia mkono mpaka kwenye kona, anadhani mambo yamekwenda sawa. Mama akabeba sufuria kwenda ziwani, wadogo zangu wakamfuata nyuma mpaka kwenye maji, yule wa mwisho analia kwa sauti kubwa. Mimi sikulia. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanapiga kelele.

Jumamosi nilikwenda stesheni kumtukana. Matusi nilikuwa nimeyapanga njia nzima, mengine ya mama yake. Nilimkuta dirishani, akanyoosha mkono nje, na kabla sijafungua mdomo akauliza:

"Wadogo zako walikula ile kuku?"

"Kuku gani?"

"Niliwaona mulangoni. Ningekula mimi, wao wangekula nini? Nikasema nimeshiba." Akainama karibu na sikio langu. "Na nilikuwa na njaa, weh! Tangu asubuhi sikutia kitu mudomoni juu ya kuogopa Papa yako."

Matusi yote yalinipotea. Treni ilipiga firimbi, mama yake ananitazama kutoka kiti cha nyuma, na mwanawe amenishika mkono, anangoja jibu.

"Walikula," nikasema. "Walishiba."

Akacheka kwa furaha, na treni ikamchukua akicheka.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nilidhani nimebeba habari njema. "Papa, hakunikataa! Aliwaonea watoto huruma tu. Hajui desturi yetu!" Nilieleza yote kwa pumzi moja. Papa alisikiliza mpaka mwisho, macho chini.

"Aliona watoto yangu wana njaa?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi aliona." Akainua macho, akasema taratibu, "Kama angetudharau, ningemusamehe, ni mutoto. Lakini muntu aliyeona vile hawezi kukaa kwangu akaniita Papa. Usimutaje tena."

Sikumtaja. Miaka mitatu baadaye alikuja mwingine, mtoto wa mvuvi wa Zongwe, akala kuku mzima akalamba na vidole. Papa alifurahi, akampiga bega. Mimi nilikuwa namtazama mdogo wangu wa mwisho, amesimama palepale mlangoni, anafuata kila tonge kwa macho, na mgeni hakugeuka hata mara moja.