Wifi Alipojitaja

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, ni fundi cherehani, na kwa miaka kumi na moja nilimwona mtu mgumu kuishi naye. Siku moja nilimpangia nyuzi zake kwa rangi, nikitegemea asante. Alinifokea mbele ya wateja. Nikaapa sitagusa tena hata sindano yake.

Binti yangu wa miaka tisa tulimwita Katapila, maana ndoo alizipiga teke na milango aliigonga. Jua likizama ndiyo usiseme. Baba yake alimwita mzembe, nami nilimchapa, Mungu anisamehe. Wifi ndiye aliyesema, "Huyu haoni. Mpelekeni hospitali."

Daktari wa macho alitueleza polepole. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inakufa kidogo kidogo. Ni ugonjwa wa kurithi, na kwa aina yake dawa bado haijapatikana. Ataanza kupoteza uoni wa pembeni, hadi wa katikati.

Tuliporudi, tulimkuta wifi chumba cha mbele anashona, wateja wawili wakisubiri kwenye benchi. Mume wangu hakungoja waondoke.

"Shule basi," alisema. "Akae nyumbani, asije akagongwa na gari." Kisha akanigeukia mimi. "Kwetu hakuna vipofu."

Wifi akaweka mkasi chini.

"Kwetu yupo," akasema. "Mimi."

Akaeleza hapo hapo, wateja wakisikia. Gizani haoni tangu utotoni. Mchana amebakiwa na kitundu cha katikati, kinachomtosha mshono tu. Nyuzi anazijua kwa mahali zilipo: nyeusi mwisho kushoto, nyeupe karibu na mkono. Kumbe mimi na usafi wangu nilimtia giza siku nzima. Niliona aibu, tena sana.

Na mwanamke huyu alikuwa na akili zake timamu. Alijua fika kwamba fundi asiyeona hapewi kitambaa, ndiyo maana alikuwa amenyamaza miaka yote hiyo.

"Dada, mbona hukuniambia?" mume wangu akauliza.

"Ungeniachisha kazi, kama unavyomwachisha huyu shule. Hilo shati ulilovaa nimelishona mwezi uliopita. Lina kasoro gani?"

Mume wangu akajitazama kifuani.

Kesho yake mmoja wa wale wateja alikuja kuchukua kitambaa chake, eti amepata safari ya ghafla. Wifi alimkunjia vizuri, akampa. Jumatatu mume wangu alimpeleka binti shuleni mwenyewe, akamwombea dawati la mbele, karibu na dirisha.

Nilimwuliza wifi kama hajuti kumpoteza yule mteja.

"Mteja nitapata mwingine," alisema, akivuta kitambaa chini ya sindano. "Mimi niliachishwa shule darasa la tatu. Walisema nagonga madawati makusudi."