Kijiti cha Dunga

Jentrix Achola alijua kupima kabla ya kujua kusoma. Baba yake aliunda mashua pale Dunga, na fundi wa mashua wa zamani hakuhitaji futi ya dukani. Alichonga kijiti chake, akakitia alama kwa upana wa kidole gumba chake mwenyewe, na kwa hicho akapima kila ubao mpaka siku ya kuzikwa. Mzee alipofariki, kaka zake Jentrix waligawana ng'ombe, yeye akaachiwa kijiti. Ng'ombe wameshaisha. Kijiti kipo.

Miaka sita alifanya kazi kwenye gereji ya Joram, Kisian. Tumbo la Joram hutangulia mwili, na mdomo wake hutangulia tumbo. Gari gumu lilikuwa la Jentrix. Soda ya mteja ilikuwa ya Joram.

Humo ndimo alimoanza kuwaza injini yake. Pikapu za akina mama wa samaki wa Asembo Bay zilibeba mbuta na barafu, zikiona mwinuko zinalia kama mbuzi aliyejua Krismasi ni kesho, na petroli inakwisha. Jentrix aliona kwamba injini zile ziliundwa kukimbia, si kuvuta. Akachora nyingine, pistoni zake zikisafiri safari ndefu zaidi, zisukume kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole. Isipohangaika kukimbia, mafuta yanabaki kwenye tangi. Vipimo vyote alivichukua kwa kijiti cha babake, akaandika daftarini tarakimu tupu: nne, tatu na nusu, saba. Saba ya nini, hakuandika. Yeye alijua.

Joram hakuuliza. Aliiba daftari.

Wiki iliyofuata bango likapanda juu ya gereji: INJINI YA JORAM, HUVUTA SANA, HUNYWA KIDOGO.

"Mzee, hiyo ni kazi yangu," Jentrix alisema.

"Nyako, msichana wewe, ulikuwa unashika spana," Joram akajibu. "Akili ni ya mwenye gereji. Lakini sina roho mbaya. Siku nitakapoionyesha kwa watu utanishikia ndoo ya maji."

Gereji nzima ikacheka. Jentrix naye alitaka kulia, ila macho yake yakatua kwenye meza ya Joram. Daftari lilikuwa wazi, na kando yake futi ya chuma, imevutwa mpaka inchi ya saba.

Akacheka kuliko wote.

Kidole gumba cha babake kilikuwa pungufu ya inchi kwa unene wa uzi wa nyavu, na Joram alikuwa akivisoma vidole kama inchi, hivyo safari ya pistoni zake ingezidi. Kwenye mashua, uzi si kitu. Kwenye injini, uzi ni roho. Ikiwa baridi, injini ya Joram ingezunguka vizuri tu. Ikibeba mzigo na kupata moto, chuma kingetanuka, na pistoni zingebisha hodi kwenye valvu. Neno moja la onyo lilimfika Jentrix kwenye meno. Akalimeza, likashuka tamu, akaacha kazi siku hiyohiyo.

Miezi mitano alijifungia kwenye kibanda cha babake, na pikapu kuukuu na kijiti, akaiunda injini yake kutoka kichwani.

Debra, mwenyekiti wa wauza samaki wa Asembo Bay, alisikia habari za injini hizo mbili, akaitisha shindano na kuweka masharti. "Magari mawili, mzigo sawa, lita mbili kila moja kutoka mtungi huu mmoja. Dunga mpaka Kisian. Injini itakayofika tunaweka kwenye pikapu zetu zote kumi na mbili, na jina la aliyeiunda litaandikwa kwenye kila mlango."

Joram alitoka mbio akipunga mkono kama mheshimiwa. Kwenye mwinuko wa kuingia mjini ikasikika ka! ka! ka! Kisha kimya. Kisha moshi.

"Omera, ndugu yangu, mbona umeegesha?" Jentrix aliuliza dirishani.

"Mafuta mabaya."

"Mtungi ni mmoja, Baba," Debra, aliyepanda na Jentrix, akamkumbusha.

Jentrix alitoa kamba, akaifunga kwenye gari la Joram.

Joram akashusha sauti. "Achola, binti yangu, niambie tu kosa liko wapi. Tutaandika majina mawili."

Jentrix alimwonyesha kijiti. "Saba ya nini, Mzee? Hukuuliza. Sasa kaa ndani ushike usukani. Kushika si kazi ngumu."

Akamvuta. Alipita katikati ya mji, na penye watu wengi akapunguza mwendo, kila mtu apate zamu yake ya kuona. Pikapu ilivuta mizigo miwili na tumbo moja bila kupandisha sauti. Walifika Kisian, chini ya bango, petroli ingalimo tangini.

Joram alitaka kushuka. Jentrix akaegemea mlango wake.

"Injini ya nani?"

"Yako," Joram akanong'ona.

"Sisikii. Na injini yangu haina kelele, kwa hiyo tatizo ni wewe."

"Ya Jentrix Achola!"

"Waambie na wale wa ng'ambo ya barabara."

Joram akarudia mara tatu. Hapo ndipo kamba ilipofunguliwa.