Mbwa wa Kabula na Nyama Mbichi

Kabula alikuwa na maneno mengi kwa mbwa wake. Aliwauliza kama wao ni wageni wa kuletewa maji ya kunawa, na walipobweka usiku aliwashukuru kwa Kisukuma bila hata kufumbua macho. Walikuwa wawili: Tutafika, jike mzee aliyetembea nyuma ya ng'ombe kutoka Usukumani hadi mbuga hizi za nyuma ya Majimoto, na mwanawe Wanasema, dume la rangi ya majivu. Bila wao, fisi wangeshahamia zizini.

Mwaka ule wa tisini na saba mvua ilikataa na mahindi yakakaukia shambani. Kisha homa ya mapafu ikaingia kwenye ng'ombe. Zizi la Malale, mume wa Kabula, liliteketea, akabaki ng'ombe mmoja na ndama wake. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomshikilia Shadrack, kitinda mimba wao, ambaye kila chakula kingine alikitapika. Malale alikwenda Mpanda kutafuta kibarua, na neno aliloacha nyumbani lilikuwa moja tu, fisi wasimpate ng'ombe huyu.

Lakini mbwa mwenye njaa halindi kitu. Siku zote mbwa wale walikula ukoko wa ugali na uji wa pumba. Nyama mbichi ilikuwa mwiko kwa Malale. Baba yake alimfundisha kwamba mbwa akishaonja damu ya ng'ombe, hachelewi kumgeukia ndama. Hata mabaki ya machinjo yalichemshwa kwanza. Sasa ukoko waliukwangua watoto, na maji ya kisima cha mbali hayakutosha hata chungu cha watu. Kilichokuwa kingi ni mizoga. Kabula aliwaza sana, akaona mwiko haujazi tumbo. Alikata maini, mapafu na mafuta, akawamwagia wote wawili, wakala mpaka wakalala chali.

Walianza kuhara siku ileile. Walihara maji, kisha ute wenye damu, na Wanasema akashindwa kusimama. Kabula aliogopa kwelikweli. Alikimbilia kwa Emerensiana, jirani Mpimbwe, mwenyeji wa huko, ambaye mumewe aliwinda kwa mbwa, akamkuta anatwanga. Emerensiana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasonya.

"Mama Shadrack, mtoto umemwachisha ziwa jana, leo unampa sahani ya maharage?" alimuuliza. "Tumbo linafundishwa."

Akamweleza. Leo maji matupu. Kesho mnofu kidogo usio na mafuta, uchanganywe na pumba zilizopikwa, na pumba zipungue kadiri choo kinavyoshika. Mifupa laini baadaye. Maini mwisho kabisa, tena kidogo. Alipomaliza alimfungia pumba kwenye kanga, japo kwake nako hali ilikuwa mbaya.

Tutafika hakuyangoja masomo hayo, alikufa kabla jua halijazama. Kabula alimchimbia shimo kama mtu, na walioona wakacheka. Wanasema alipona polepole. Mara moja Kabula aliharakisha mifupa, tumbo likafunguka tena, ikabidi waanze upya. Kila asubuhi aliinama kukitazama choo cha mbwa kama alivyokitazama cha Shadrack, wala hakuona aibu. Kikiwa maji, alimlaani Malale huko Mpanda aliko. Kikishika kidogo, alipata nguvu za kwenda kisimani.

Ndipo homa ikamchukua na ndama. Kabula alilia, kwa kuwa ng'ombe wao hashushi maziwa asipomwona mwanawe. Akafanya walivyofanya wazee wake: alimchuna ndama, ngozi akaipaka chumvi ili mama yake ailambe wakati wa kukamuliwa. Mguu mmoja akamtupia Wanasema.

Kesho yake asubuhi Malale alirudi. Mkewe alikuwa zizini anakamua, na alichokiona Malale ni mbwa mwenye damu mdomoni, anatafuna mguu wa ndama. Wanasema alimtambua. Alitikisa mkia bila kuuachia mguu, na rungu likamuua hivyohivyo anatikisa mkia.

Kabula alitoka na kibuyu cha maziwa.

"Ndama amekufa jana kwa homa, baba Shadrack," alisema. "Mguu huo nimemkatia mimi."

Malale alikaa chini. Karibu na mlango wa zizi palikuwa na choo cha Wanasema cha asubuhi ile, kigumu, kimekuwa cheupe kwa mifupa. Ndicho Kabula alichokuwa akikiomba siku zote hizo. Alikifukia kwa mguu wake.

"Basi leo utabweka wewe," akamwambia mumewe.

Na Malale alibweka kweli. Alikesha zizini na rungu lake, akipiga kelele gizani mpaka sauti ikamkauka, na wapita njia wakamfanya kichekesho. Kisha malaria ikamlaza, na usiku huohuo fisi wakaingia zizini. Kulipokucha Shadrack alilia maziwa. Kabula alifungua ile kanga ya Emerensiana, akamkorogea mwanawe pumba zilizobaki za mbwa.