Kidole Kilichoonyesha Nyiragongo

Nilipokuwa mtoto pale Munigi, karibu na mji wa Goma, hakuna aliyethubutu kuuonyesha mlima wa moto Nyiragongo kwa kidole. Ukitaka kumwelekeza mgeni, ulikunja ngumi ukainua kidevu. Koko, bibi yetu, mama yake papa, alituambia kwamba waliokufa na ubaya wao wanaishi ndani yake, na kidole kikinyooshwa wanadhani wameitwa. Papa alimcheka. Yeye aliongoza kikundi cha maombi, na mambo ya wazee aliyaita ya kishenzi. Lakini naye alikuwa na hofu yake. Kila asubuhi alisoma kitabu cha Ufunuo mpaka kwenye ziwa la moto, kisha akafunga Biblia.

Mimi, Zawadi, nilinyoosha kidole. Nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Baraka alitaka kujua moshi unatoka wapi. Nilimwonyesha, halafu nikakitia kidole mdomoni nikakiuma, maana watoto tuliamini kuuma kunafuta kosa.

Siku ya tatu ardhi ilitetemeka. Kabla ya saa sita mchana watu walikuwa wanashuka na magodoro kichwani, na nyuma yao moto unatiririka kati ya migomba. Mama alikuwa mpakani Bunagana kwa biashara yake ya vitenge. Papa alitupigisha magoti sebuleni.

"Imeandikwa," alisema. "Mwenye anakimbia hana imani."

Koko, aliyeuogopa mlima ule kuliko sisi sote, alikuwa ameshafunga maharage ya mbegu ndani ya kitenge.

"Papa Zawadi, Yesu akikuya, atatukuta mu njia. Simama, mwana yangu."

Papa hakusimama. Koko alimvuta shati mpaka kifungo kikakatika. Kisha akambeba Baraka mgongoni, akanishika mkono, tukatoka. Nilitazama nyuma mara moja tu. Papa alikuwa bado amepiga magoti, mlango wazi.

Tulimngoja siku mbili kando ya njia ya Sake, tukila yale maharage. Jirani aliyetoka wa mwisho alipotuambia kwamba nyumba yetu imefunikwa na moto, na kwamba hakumwona papa akitoka, nilishindwa kuvumilia.

"Koko, ni miye. Nilionyesha mulima kidole."

Aligeuka akautazama mlima. Nilijua ameniamini, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Kisha mwanamke yule, ambaye hata jina la mlima alilitaja kwa kunong'ona, alinyoosha kidole chake kilichopinda, akaulenga mlima ukiwa bado unafuka.

"Sasa tuko babili, miye na weye," alisema. "Kama inatafuta mwenye kosa, itukute babili."

Leo nina binti wa miaka tisa, na Goma imejaa hofu ya namna nyingine, ile ya vita. Benki zimefungwa, milio ya bunduki tumeizoea, na wahubiri wameufungua tena Ufunuo palepale kwenye moto. Wananichosha. Binti yangu ananiuliza kama huu ndio mwisho. Mara nyingi naona kama mwisho ulishapita kwetu zamani, na sasa umerudi kuchukua kilichobaki. Hilo simwambii.

Namsomea tu ukurasa unaofuata, ule ambao papa hakuufikia, ambapo Mungu mwenyewe anakuja kukaa na watu na kuwafuta machozi. Imani yangu ni ndogo, na kuna siku haipo kabisa. Lakini nikitaka kujua huyo Mungu anafanana na nini, siangalii mawinguni. Namkumbuka koko pale kando ya njia, anaogopa mpaka meno yanagongana, amenyoosha kidole ili nisiwe peke yangu.