Mkwe Wangu, Mimi na Kuku wa Kishingo

Kwetu Usukumani mwanamume hakai baraza moja na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hukata kona kama aliyesahau kitu nyumbani. Kwa hiyo mke wangu alipofariki, na mama yake akabaki kwangu Nyasubi kumaliza matanga, tulijikuta watu wazima wawili ndani ya nyumba moja bila yule aliyekuwa akitusemea. Yeye alikaa jikoni, mimi barazani. Katikati palikuwa na pazia.

Maneno yetu aliyabeba binti yangu. Asipokuwepo, mkwe alimtumia kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, aliyekuwa akiatamia ndani ya karai bovu, pale penye pazia.

"We kuku, mwambie mwenye nyumba uji unapoa."

Nami nikamwambia kuku kwamba nimesikia, nashukuru. Kuku hakusema kitu, lakini uji niliupata.

Shemeji yangu, kaka wa marehemu, alikuwa aje Jumamosi kumchukua mama yake ampeleke kwake Runzewe. Binti naye angerudi chuoni wiki hiyohiyo. Mimi nilitaka mkwe abaki. Alikuwa na namna ya kukohoa alfajiri kabla ya kuwasha moto, na mke wangu alikohoa hivyohivyo. Jambo kama hilo sikuweza kumtuma binti, angelia. Kumtuma kuku niliona haya.

Binti anasoma kemia chuo kikuu. Msibani watu waliniuliza anafanya nini, wengine wakanishauri niseme tu ni daktari. Mimi nilisema anabuni molekuli, nikaomba wasiendelee kuuliza. Shemeji, ambaye anachenjua dhahabu mchangani kwa zebaki, alimuuliza mwenyewe.

"Mjomba, hiyo molekuli yako inashika dhahabu kama zebaki?"

"Haishiki, mjomba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akarudi kwenye chai yake kama mtu aliyepewa pole.

Ijumaa mchana nilimwambia binti anieleze vizuri, maana sipendi kusema kitu nisichokijua. Alichukua kijiti cha ufagio, akachomeka punje ya mahindi ncha moja na haragwe ncha nyingine.

"Elektroni, baba, hupenda kukaa mbilimbili. Ila kuna molekuli zenye mbili zisizoshikana, kila moja iko upande wake. Tunaziita dairadikali. Hiki kijiti ni kaboni, ndilo daraja lao. Daraja likiwa fupi mno, zinashikana na mchezo umekwisha. Likiwa refu mno, hazijuani."

"Na mbona umeweka punje na haragwe?"

"Ndiyo kazi yangu hiyo. Ncha zikifanana, zinagawana sawa. Mimi nazitofautisha, moja ivute zaidi, nyingine iachie zaidi. Hapo najaribu kuipangia rangi yake na namna inavyopitisha umeme. Hata kuvutwa na sumaku kunategemea elektroni hizo mbili zimeelekea upande mmoja au zimepingana."

Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa nimeelewa hadi kwenye kijiti.

Akaona nimepotea, akarahisisha. "Chukulia wewe na bibi. Mko nyumba moja, hamshikani, lakini kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi. Wewe punje, bibi haragwe, na mama ndiye..."

Kijiti kilibaki hewani.

Pazia halikutikisika, ila sauti ilitoka. "We kuku, muulize huyo msomi, kijiti kikivunjika hao wawili wanakwenda wapi?"

Binti alinitazama. "Kila mmoja anakwenda zake, bibi. Haiwi tena molekuli ile."

"Na hawezi kutafuta kijiti kingine?"

"Anaweza. Ndiyo kazi ninayofanya mchana kutwa."

Nikaona nisiposema hapo sitasema tena. Nilimgeukia kuku. "Kuku, mwambie mama kwamba punje ingependa haragwe asiende Runzewe."

Kuku aliinuka kwenye mayai, akanyoosha bawa moja, akatoka nje kutafuta maji. Mjumbe hakuwepo tena. Nilisikia chungu kikifunikwa.

Jumamosi shemeji alifika na gari la kuazima. Mgeni wa namna ile hachinjiwi porojo, na kuku wengine walikuwa wameliwa msibani. Nilichukua kisu, nikamwendea yule wa kishingo. Nilikuwa nimeshamshika miguu pazia liliposogea, ukatokea mkono tu, umeshika mwiko.

"Huyo haliwi," mkwe alisema. Hakumwambia kuku. Aliniambia mimi, japo sauti ilitoka kama ya mtu aliyegeukia ukuta. "Ana kazi hapa."

Nikamrudisha kwenye karai lake. Shemeji alikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akalalamika mpaka anawasha gari, akaondoka na kiti cha mbele kitupu.

Alfajiri iliyofuata nilisikia kikohozi, kisha kiberiti.

"We kuku," sauti ikasema, "mwambie punje aamke."