Chane Nyekundu ya Mama

Harufu ya ukindu unaochemshwa kwa rangi hunirudisha Kiegeani, mwaka ule Waingereza walipomwondoa Mjerumani kisiwani Mafia. Mama alisuka mikeka, na sufuria yake ya rangi nyekundu haikukauka. Baba, aliyekuwa karani wa Mjerumani, alibaki bila kazi. Bomani alitakiwa mkalimani, na anayeitaka nafasi hiyo asome tangazo la Kiingereza mbele ya afisa siku ya Jumatatu. Baba akishindwa, tungehamia kwa ami yangu Kilwa. Mama hakutaka hata kulisikia jina la Kilwa.

Karani mmoja wa Unguja, aliyefika na Waingereza, alikuja alasiri na nakala ya tangazo kumfundisha Baba barazani, Mama akisuka nyuma ya pazia. Baba aliyasoma maneno yote kwa mkazo wa Kiswahili, akikaza silabi ya pili kutoka mwisho. "Hata jina la kazi unayoitaka unalipindua, bwana," karani alisema. "Sikiliza: in-TER-pre-ter." Baba akarudia, akaikaza *pre*. Karani akacheka. "Ulimi wako bado unamtumikia Mjerumani."

Mgeni alipoondoka, Mama alitoka na chane nne za ukindu, vile vipande vyembamba vya kusukia, akazipanga sakafuni, moja kwa kila silabi. Ya pili ilikuwa nyekundu. "Baba Zuhura, mimi sijui herufi hata moja, ila nimesikia anapopandisha sauti. Ni hapa." Baba alizigusa moja moja, akalitamka neno, safari hii sawasawa. Akamtazama.

"Umesuka Kiingereza, Mama Zuhura?"

"Nimekichana tu. Kusuka ni kazi yako."

Kwa siku nne karani aliendelea kuja, na kila neno refu la lile tangazo lilipata chane zake. Mimi nilizishona kwa mpangilio kwenye kipande cha kitambaa. Jumatatu nilifuatana na Baba hadi bomani, nikabaki mlangoni. Alikitandaza kitambaa kando ya karatasi, akasoma polepole, kidole kikitembea juu ya ukindu. Afisa hakumkatiza hata mara moja. Mwishoni aliuliza kile ni kitu gani. "Ni kazi ya mke wangu," Baba alijibu, na kesho yake akaanza kazi.

Siku hizi mjukuu wangu ana kamusi ya Kiingereza yenye alama ndogo juu ya silabi inayokazwa. Husoma haraka, bila kutumia kidole. Akikwama, huniletea kitabu, nami huitafuta ile alama na kumwonyesha: hapa mama yangu angeweka nyekundu.