Hedi ya Mbio Kwenye Harusi ya Kemi

Mpaka leo nikifika Kishanda kuna akina mama wanaoanza kunicheka kabla sijashuka kwenye gari, na wana haki, maana aibu niliyoipata kule niliitengeneza mwenyewe kwa spana zangu, na hata kama sasa nasimulia nikicheka, siku ile, waitu, ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke.

Mimi ni fundi magari, gereji yangu iko Ijuganyondo, na nina gari dogo la zamani aliloniachia marehemu baba, ambalo niliamua kulifufua liwe na nguvu ya kuwashangaza watu. Injini niliishusha yote, nikafunga pistoni mpya, ikabaki kuchagua hedi (ule mfuniko mzito wa juu wenye valvu, ambako injini inapumulia, ukikosea hapo umekosea kila kitu). Nilikuwa nazo mbili. Moja ya asili, njia zake za hewa nyembamba, imejaa masizi, haivutii hata kuitazama. Nyingine niliipata Kampala, imetolewa kwenye gari la mashindano, valvu kubwa, njia za hewa pana, inang'aa kama sufuria mpya.

Na nilijua, hilo ndilo linaloniuma. Njia pana zinataka injini izunguke kwa kasi ndipo hewa iingie kwa nguvu. Ukienda polepole hewa inazubaa, injini inakohoa, inazima. Mteja angeniletea hedi ile nimfungie kwenye gari la kutembelea mjini, ningemrudisha nayo kwao. Lakini safari hii mteja alikuwa mimi, na Jumamosi ile mdogo wangu Kemi alikuwa anaolewa, na aliniomba nimpeleke kanisani Kishanda, kwao bwana harusi, kwa gari la baba kwa vile baba mwenyewe hayupo wa kumpeleka, nami nikataka Bukoba nzima isikie mlio. Nikafunga ile pana. Nikalijaribu kwenye barabara tupu, likakimbia mpaka nikacheka peke yangu, na wala sikukumbuka kwamba msafara wa harusi hauendi mbio.

Mbele yetu ilikaa pikapu ya matarumbeta, inatembea mwendo wa mtu aliyebeba ndoo kichwani. Hatujatoka Nyanga vizuri, gari likatetemeka, likazima. Nikaliwasha, likatoa mlio kama wa bunduki, kuku wa watu wakatawanyika na mpiga tarumbeta mmoja akapotea kabisa kwenye wimbo. Likazima tena mbele ya kijiwe cha bodaboda, na wale vijana wananijua (pikipiki zao nazitengeneza mimi), wakaja kulisukuma huku wakiniita fundi, fundi, kwa heshima ile inayouma kuliko tusi. Nyuma msafara wote umesimama, honi zinalia. Shangazi yetu, Ma Byera, akashuka kwenye basi dogo la ndugu, akatangaza mbele ya watu kwamba bibi harusi ahamie kwenye basi na mimi nibaki na takataka yangu. Shati limelowa, mikono ina grisi, nikafungua mlango wa nyuma ili ashuke.

Kemi akaurudisha mlango. Huyu amekulia kwenye gereji yangu, injini anaijua kwa sikio. Akaniuliza taratibu kama nimefunga ile ya Kampala, nikaitikia kwa kichwa.

"Kaka, gari hii haitaki kwenda polepole."

"Haitaki."

"Basi usiende polepole. Mimi leo sihamii kwenye gari ya mtu mwingine."

Nikakanyaga mafuta, nikayapita matarumbeta, nikawaacha ndugu zangu wote wakinitazama. Baada ya Kemondo barabara ikafunguka, na injini iliyokuwa inakohoa kama mgonjwa ikapata sauti yake. Milima tuliipanda kana kwamba ni tambarare, dirisha wazi, shela la Kemi linanipiga usoni, yeye anacheka na msimamizi wake pembeni anasali. Karibu na Muleba tukaona magari yenye maua yameegeshwa kando ya barabara, na bwana harusi, Mutalemwa, amejipanga na rafiki zake wanapigwa picha. Nilijua nikipunguza tu, litazima mbele yake. Sikupunguza. Kemi alimpungia mkono kwa adabu zote, na yule bwana nilimwona kwenye kioo, mkono wake umebaki hewani.

Tukafika kanisani Kishanda wa kwanza, na vumbi letu likafuata. Nilipolizima, gari likatoa mlio wa mwisho, mkubwa kuliko yote; kwaya iliyokuwa inafanya mazoezi nje ikanyamaza na wazee wakainuka kwenye mabenchi. Mchungaji akatoka, akatusalimia vizuri, kisha akaniuliza bwana harusi yuko wapi.

"Tumempita, Mchungaji."

Akina mama wakaanza kucheka, kicheko kikazunguka uwanja mzima, lakini baba wa bwana harusi, Ta Ishengoma, mzee mkavu, hakucheka. Alilizunguka gari akilitazama, akaingia kanisani. Nikaona nimemharibia mdogo wangu ukweni kabla hajaingia.

Ibada ikapita, tukaingia kwenye sherehe, na mzee akasimama kusema. Akasema ameozesha watoto wengi wa kiume, na kila mara alimngoja bibi harusi mpaka chakula kikapoa.

"Leo huyu binti ndiye amemngoja mwanangu. Kwa hiyo mimi sina shaka kama amekuja kwa kupenda."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijavisikia tena. Ma Byera alinifuata mwenyewe na sahani ya nyama, na kabla sherehe haijaisha watu wawili walikuwa wameniomba niwatengenezee injini zao.

Jumatatu nikaifungua ile hedi na kumwuzia jamaa wa mashindano, nikaisafisha ile nyembamba, nikaichonga kidogo chini ili mgandamizo uongezeke, nikaifunga, na sasa gari linavuta tangu mwendo wa miguu, linapanda milima na mama yetu kwenye kiti cha nyuma bila kumtikisa. Mteja akija na hedi inayong'aa namuuliza kwanza anaenda wapi na nani. Akisema anaenda harusini, namfungia nyembamba, apende asipende. Mimi sirudii tena kuchagua hedi kwa macho, nimeapa, ingawa nikisema siikumbuki ile milima ya Muleba nitakuwa nawadanganya.